Meli Yetu Iko Chini ya Lambo

Machochwe, Serengeti
Jumapili mchana

Babu yangu,

SHIKAMOO. Nimeiandika kwa herufi kubwa ili uipate kabla hujatafuta miwani. Kikohozi kimekuachia? Na goti la Bibi, bado linatabiri mvua kuliko redio? Natumaini kuku wake wameacha kutagia ndani ya sanduku lako la vifaa, maana nikirudi nitaihitaji ile patasi ndogo na sitaki kuipigania na kuku.

Huku sisi ni wazima. Mapacha wana meno manne kila mmoja na wanayajaribia kwenye mabega yangu. Mama mdogo hajambo, ananitunza vilevile kama siku niliyoshuka kwenye basi. Mwanao Ramadhani ni mzima wa mwili. Habari zake nyingine ndizo zilizonikalisha chini na kalamu.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu iko mfukoni mwake, na masikio yako uliyaacha bandarini kwenye nyundo za ribiti. Mambo haya siwezi kuyapigia kelele mpaka mtaa mzima wa Ujiji uyasikie. Naomba uyasome mwenyewe, taratibu, usimpe binamu Shabani akusomee. Ukimaliza utaamua kama nimekosea. Mimi nimejipima na sijaliona kosa.

Unajua nilikuja kumsaidia Mama mdogo kulea baada ya kumaliza kidato cha nne, na matokeo yalipotoka hayakunipeleka popote, basi nikabaki. Hapa tuko ukingoni mwa hifadhi. Nyuma ya nyumba kuna mahindi, kisha ng'ombe, kisha pori. Tembo wakiingia mashambani watu hutoka na madebe wakayagonga mpaka wanyama warudi walikotoka. Baba mdogo huwauzia hayo madebe, yale yaliyotoboka. Lakini kazi iliyomjengea jina ni ndoo. Ana kibanda chake cha bati kando ya barabara, anatengeneza ndoo, makarai na masanduku ya wanafunzi, na watu huja mpaka kutoka Busawe. Wanasema ndoo ya Rama haivuji, ukiitundika kwenye mti na maji ndani, utazeeka wewe. Nakuandikia hilo ulikumbuke, litarudi.

Wenyeji wengi ni Wakurya na wanaongea kwa sauti. Mtu akimsalimia jirani, jirani wa tatu anaitikia. Mimi wananicheka. Nina rafiki mmoja, Bhoke, binti wa Mzee Marwa mwenye ng'ombe. Siku ya kwanza alinikuta kisimani akaniambia, "Mha wewe, sema kwa nguvu! Hapa ukinong'ona tunadhani umeiba." Nikacheka mpaka nikamwaga maji. Nilimwambia kwamba hata nyumbani wewe unaniita Kimya. Akasema, "Basi babu yako anajua watu."

Sasa meli.

Ule mkoba ulionipa nilipoondoka, wenye rula ya chuma, koleo ndogo na ile misumari uliyoinoa, sikuuweka uvunguni. Mapacha wakilala mchana nilikuwa naokota vipande vya bati vilivyobaki kwenye ndoo nakaa nyuma ya kibanda. Niliamua kutengeneza Liemba, lakini si hii tunayoijua ya abiria na magunia. Ile ya kwanza, ya Mjerumani, ilipokuwa meli ya vita na jina lake jingine, wiki ile ya mwisho kabla hawajaizamisha wenyewe ili adui asiipate.

Nilifuata sheria zako zote, Babu. Sentimita moja kwa kila mita, kwa hiyo meli yangu ilikuwa na urefu wa sentimita sabini na moja. Tani moja kwa gramu moja, na mchanga wa kuipa uzito niliupima kwenye mizani ya duka la sukari, mwenye duka akinitazama kama nimerukwa na akili. Ribiti, zile pini za kuungia mabati, niligonga moja moja kutoka ndani kwa ncha ya msumari, safu kwa safu, kama ulivyonionyesha, maana ulisema meli isiyo na ribiti ni sufuria. Mashine za ndani nilizitengeneza na boila pia, ingawa nilijua sitaha ikishafungwa hakuna jicho litakaloziona. Chini kwenye mkuku niliweka skrubu zetu mbili za shaba, mahali pa zile koki ambazo Wajerumani walizifungua maji yakaingia. Na mzinga mkubwa wa mbele niliuchonga kwa kijiti cha mgunga nikaupaka rangi nyeusi. Ulinisimulia mara ngapi? Mzinga wa kweli ulikuwa umeshachukuliwa kwenda kupigania nchi kavu, pale mbele wakasimamisha gogo lililochongwa, na adui kule ng'ambo akaendelea kuliogopa. Nilitaka kila kitu kiwe kweli, hata uongo wao.

Nilianza wakati wa vuli nikamaliza masika yalipokuwa yanakatika. Baba mdogo alipita mara nyingi akaniona. Mara ya kwanza alisema, "Bado tu midoli ya mzee? Kwenye hilo bati kuna karai zima." Mara nyingine aliipiga teke ndogo kwa ncha ya kiatu aone kama lehemu imeshika. Ilishika. Akaenda zake.

Nyuma, chini ya bendera, nilichora kwa sindano herufi ndogo kabisa: *Kazi ya Mzee Sefu wa Kigoma na mjukuu wake.* Ndani kwenye boila nilifanya jambo jingine kabla ya kuifunga sitaha, hilo nitakwambia mwisho.

Siku moja alikuja bwana mmoja anayekusanya kazi za mikono kwa ajili ya kambi moja ya watalii. Alikuja kwa ndoo za mapambo, zile ndogo. Mimi nilikuwa ndani, pacha mmoja mgongoni, ukuta wa mabanzi katikati yetu. Nikasikia hatua zake zimesimama. Kisha akauliza, "Na hii? Nani kaifanya hii?"

Babu, nilisubiri. Moyo ulikuwa unagonga mpaka mtoto akaamka. Nilijua Baba mdogo ataniita, na nilishaanza kuogopa nitasema nini nikitoka.

Akasema, "Mikono hii."

"Yote?"

"Yote. Nimetoka Kigoma mimi. Meli ziko kwenye damu."

"Mbona kila kitu ni bati, halafu mzinga huu ni wa mti?"

Pale nilishika ukuta. Nikasema moyoni, sasa atakwama, sasa ataniita. Baba mdogo akacheka kidogo, kile kicheko chake cha dukani, akasema, "Bati liliisha."

Bati liliisha! Yule bwana akaandika kwenye daftari lake. Pengine hata sasa imeandikwa hivyo.

Akasema ataichukua, itakaa mapokezi kambini juu ya meza yake peke yake, na jina la fundi chini yake, na kila mgeni atakayeingia atalisoma. Akasema kwanza angependa kuiona inaelea, atarudi Alhamisi ya wiki inayofuata. Akampiga picha Baba mdogo ameipakata kama mwanawe. Watoto wake wa kweli walikuwa wanalia kwangu.

Alipoondoka nilitoka. Nilikuwa nimeyapanga maneno, nikapata nusu yake tu. Nikasema, "Baba mdogo, ungemwambia ni ya Babu."

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Alisema, "Ungemwambia wewe. Mdomo si ulikuwa nao? Mtu asiyeweza kutoka nyuma ya ukuta kutaja jina lake, jina anataka la nini?"

Neno hilo lilinichoma kwa sababu lina ukweli ndani yake. Angeishia hapo, labda leo nisingekuwa na barua ya kuandika. Lakini aliendelea. Alisema, "Na huyo mzee wako usimtukuze. Alikuwa mtu wa kupaka rangi tu pale bandarini. Hata rula hajui kuisoma."

Babu, rula yako nilikuwa nayo mkononi. Ile iliyofutika namba kuanzia moja mpaka tisa kwa sababu ya kidole chako gumba.

Kesho yake aliwatuma watoto wa jirani dukani wakamletea msasa. Akalisugua lile andiko la nyuma mpaka pakawa peupe, akapaka rangi. Kisha akatafuta ubao mzuri wa mninga wa kuisimamishia. Alipoipindua akaziona zile skrubu zetu mbili za shaba, na unajua alifikiri nini? Alifikiri niliziweka kwa ajili ya kushikia ubao! Mtu aliyezaliwa nyumbani kwako. Akazitoa, akazitupa kwenye kopo la misumari, akapitisha skrubu ndefu kutoka chini ya ubao mpaka ndani ya meli kupitia matundu yale yale, akakaza. Mbele ya ubao akagongelea kibao cha shaba: *Kazi ya Fundi Ramadhani, Machochwe.*

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Angeniuliza, siku hiyo bado ningemwambia. Hakuniuliza. Alisema, "Chai iko wapi?"

Nikaenda kuleta chai, na nikiwa njiani kwenda jikoni, hatua kama nane, nikaamua.

Sikugusa kitu chake chochote. Nataka ulijue hilo. Sikutoboa, sikulegeza, sikuiba hata msumari. Jambo moja tu nilifanya. Jumatano asubuhi, alipokwenda kununua bati, nilimwendea fundi wa mashine ya kusaga nikamwomba grisi. Bhoke alikuwa nami. Akauliza, "Unataka kukaanga nini?" Nikamwambia nataka kuipaka meli ndani. Akanitazama. Tulirudi na kopo zima, nikafungua mlango wa sitaha, ule wa kushushia mizigo, nikaipaka mashine, boila, kuta, kila pembe kidole kilipofika na palipobaki nikatumia unyoya wa kuku. Ulinisimulia kwamba Wajerumani walifanya hivyo. Kabla ya kuizamisha waliipaka grisi, maana hawakuwa wanaiaga. Walikuwa wanaiweka.

Alhamisi ilifika. Habari ilikuwa imezunguka na watu walikuja kama kwenye mnada. Mwenyekiti wa kijiji alikuja, Mzee Marwa alikuja na ng'ombe wake wote kwa sababu saa ile ni zamu yao ya kunywa, akina mama walikuja na ndoo za Baba mdogo vichwani. Yule mnunuzi alikuja na daftari. Baba mdogo alivaa shati la Idi.

Nyumbani kabla ya kuondoka alizifungua zile skrubu ndefu, akaitoa meli kwenye ubao, akaiacha na matundu yake mawili wazi, mawazo yake yote yakiwa kwa watu waliokuwa wakimngoja. Akaishika mikononi. Kwa mara ya kwanza nikaona ana wasiwasi. Akaniuliza, bila kunitazama usoni, "Kuna kitu cha kukumbuka kabla ya kuiweka majini?"

Nilikuwa nimembeba pacha wa pili. Nikafunga khanga vizuri. Nikasema, "Wewe ndiye fundi, Baba mdogo."

Ni maneno matano tu, Babu, lakini sijawahi kusema kitu kwa sauti thabiti namna ile.

Lambo la hapa ni la ng'ombe. Maji ni ya rangi ya chai ya maziwa na chini kuna tope linalofika kiunoni. Mwaka juzi mtamba wa Mzee Marwa alizama humo na mchungaji aliyemfuata nusura azame naye, tangu hapo kijiji kimekataza mtu yeyote kuingia. Kwa hiyo Baba mdogo aliiweka meli ukingoni na kuisukuma kwa fito ndefu mpaka katikati.

Ikaelea. Babu, ilielea vizuri! Ilikaa sawa, haikulala kushoto wala kulia, mstari wa maji palepale nilipouchora. Ng'ombe waliinua vichwa. Watu wakapiga makofi na mimi nikaona machozi yananijia, maana ilikuwa yetu na ilikuwa nzuri, na kwa muda mfupi nilitamani matundu yazibe yenyewe.

Baba mdogo alianza kuhutubia. Alisema ufundi ni kipaji. Alisema chuma kina siri zake.

Mzee Marwa alikuwa ameegemea fimbo yake. Akasema, "Mura," ndivyo Wakurya wanavyomwita kijana, "meli yako inakunywa."

"Inakaa sawa, Mzee. Inatafuta uzito wake."

"Nimechunga ng'ombe miaka yote hii. Najua kinachoelea na kinachokunywa. Hiyo inakunywa kuliko dume langu."

Watu wakacheka. Baba mdogo akageuka. Maji yalikuwa yamefika kwenye sitaha. Haikupinduka, haikuhangaika. Ilishuka wima, polepole, kama mtu anayekaa kwenye kiti. Mzinga wa mti ulipoguswa na maji ukabaki unatazama mbele. Kisha dohani, kisha bendera, kisha ncha ya mlingoti, kisha mapovu matatu. Nikahesabu.

Tulisikia ng'ombe wakimeza. Halafu mama mmoja, ambaye hata simjui jina, akaishusha ndoo kichwani, akaipindua, akatazama chini yake.

Mzee Marwa akasema, "Eeh. Fundi, na ndoo zako nazo?"

Babu, kile kicheko ningekuletea kwenye bahasha kama kingeingia. Hata mwenyekiti aligeuka pembeni, mabega yakitikisika. Mnunuzi alifunga daftari. Baba mdogo alinitafuta kwa macho katikati ya watu wote wale, akanipata, na akajua. Nilikuwa nambembeleza mtoto.

Bhoke alininong'oneza, yeye asiyejua kunong'ona, "Ulijua."

Nikasema, "Nilijua."

"Mama yangu! Na sisi tunakuita mpole."

Tangu siku hiyo ni wiki nyingi. Watu hawanunui tena ndoo ya Baba mdogo bila kuijaza maji mbele yake na kusubiri. Wanakaa pale kwenye benchi, wanapiga soga, wanaitazama ndoo. Haivuji, kwa sababu ndoo zake ni nzuri kweli, siwezi kumsingizia. Lakini lazima asimame pale akitazamwa na kazi yake ikijaribiwa kila siku, na kila mara mtu anasema, "Rama, hii ni ndoo au meli?" Mimi nikiwa nyuma ya ukuta nasikia. Nakiri mbele yako kwamba nafurahi. Ustadhi wa madrasa alitufundisha kusamehe na nimejaribu, naanza vizuri, lakini nikifika kwenye neno rula nasimama hapo.

Alijaribu kuitoa. Alitengeneza ndoana ya nondo na kamba, akavua siku tatu. Alitoa buti moja la mvua na taya la ng'ombe. Wachungaji wakamuuliza kama hilo taya nalo ni la Mjerumani.

Kisha akaja kwangu. Nilikuwa naanika nepi. Alisema, "Mwamini, mwanangu, nimekosa. Yaishe." Mkononi alikuwa na kitenge kipya kimekunjwa. Nilimwonea huruma, Babu, ni mwanao, na akiinamisha kichwa anafanana na wewe. Lakini nikamwambia, "Baba mdogo, ulichukua mbele ya watu. Rudisha mbele ya watu." Nilisema yote. Akasema hawezi, atachekwa mara ya pili, ana watoto. Kitenge nikamwambia ampe Mama mdogo. Amekishona, kimempendeza.

Mama mdogo naye alinijia. Yeye hana hatia na ndiye anayeniuma. Alisema, "Si uwaambie tu watu kwamba ni yale matundu? Wajue si ufundi wake mbaya." Nikamjibu kwamba nitawaambia, siku ileile atakapowaambia ni nani aliyeyaweka, na kwa nini. Nitasimama karibu naye na kueleza mpaka skrubu ya mwisho, na kuwaapia kwamba ndoo zake ni bora kuliko zote Serengeti. Akasema, "Mwenzangu, wewe umetoka kwa baba mkwe mzimamzima." Sijui kama alinisifu.

Labda Baba mdogo atakuandikia akikuomba unionye. Nakuomba usimjibu haraka. Mwache angoje barua, kama mimi nilivyongoja nyuma ya ukuta.

Sasa lile jambo la boila. Andiko la nyuma ya bendera alilisugua kwa sababu alijua lipo. La pili halijui. Kabla sijaifunga sitaha, nilichora kwenye boila, kwa herufi kubwa za kusomeka bila miwani: *Sefu, fundi, Kigoma.* Sikuweka langu. Niliona aibu, na niliona lako linatosha. Liko chini ya grisi nene kama kidole, na tope haliwezi kulifikia.

Yule mnunuzi alipokuwa anaondoka siku ile alimwambia mwenyekiti, na mimi nilisikia, "Lambo likikauka mniite. Nataka kuona imebaki nini." Mwenyekiti ana namba yake. Na lambo hili, Bhoke ameniambia, hukauka kila mwaka mpaka ng'ombe wanapita katikati.

Wajerumani walirudi au hawakurudi, mimi sijui. Najua meli ililala chini miaka, ikainuliwa, ikafutwa grisi, na mashine zikawaka. Kiangazi ni kifupi kuliko miaka hiyo. Kila jioni nikienda kuchota maji napitia lambo na rula yako, nimesimika kijiti ukingoni. Wiki hii yameshuka sentimita kumi na moja. Siku likikauka nitaingia mwenyewe kwenye tope lililokauka, mbele ya wote, nitafungua sitaha, nitafuta grisi kwa khanga yangu, na nitasoma kwa sauti. Nimekuwa nikifanya mazoezi kisimani. Bhoke anasimama ng'ambo na kupiga kelele, "Sisikii!" Sasa ananisikia.

Akisema kabla ya siku hiyo, nitamwachia aifungue yeye. Mlango huo nimemwachia. Zaidi ya hapo sina.

Nisalimie Bibi, na umwambie mapacha wamerithi paji lake la uso. Nisalimie mama yangu hapo sokoni kwenye meza yake ya samaki wa migebuka, mwambie mawese aliyonifungia yameisha na ugali wa ulezi wa huku ninaupenda, kichuri, ule mchuzi wa matumbo, bado, ni kichungu, ingawa Mzee Marwa anasema nitazoea. Nisalimie shangazi anayefuma mikeka, na binamu Shabani ambaye najua anaisoma barua hii juu ya bega lako ingawa nilikataza. Wasalimie wazee wenzako wa bandarini. Waulize kama kuna mmoja wao anayekumbuka wewe ukishindwa kusoma rula.

Ni mimi mjukuu wako, uliyeniita Kimya,

Mwamini

Nilikuwa nimeshailamba bahasha nikaifungua tena. Nimetoka lambo sasa hivi. Ncha ya mlingoti wa mbele imetokeza, kama urefu wa kiganja. Imesimama wima na haina kutu. Baba mdogo alikuwa amesimama upande wa pili wa maji, peke yake, anaitazama. Aliinua macho akaniona. Tulitazamana mpaka ng'ombe wa Mzee Marwa wakamaliza kunywa, na aliyeangusha macho safari hii hakuwa mimi.